Sululu Mwenye Pete ya Kijani

Kwenye matanga ya Masoud nilivaa shati lake la kaki na kofia yake ya pama, nikachechemea uani kama alivyokuwa akichechemea yeye, nikawakemea wanawake waliokuwa wakipika: "Nyamazeni! Mtanifukuzia ndege wangu!" Walicheka mpaka mmoja akamwaga mchuzi. Ndiyo kazi yangu hiyo. Masoud ni mtoto wa shangazi yangu, na kwetu Miono binamu ni mtani. Mtani halii msibani, anachekesha. Usipochekesha, watu watasema marehemu hukumpenda.

Haki yangu ya utani nikapewa, ndilo hilo shati na hiyo kofia. Nikavisukumia chini ya kitanda kwangu Dunda, nikarudi kwenye vitumbua vyangu. Mwanamke aliyeolewa mara mbili akaachwa mara mbili, jamani, njia ya kurudi kwenye vitumbua anaijua hata akifumba macho.

Masoud alikuwa fundi wa pampu kwenye mashamba ya chumvi, njia ya kwendea Mbegani. Pampu moja ilimvunja mguu wa kushoto, ukaunga vibaya. Kushinda kule ndiko kulikomtia wazimu wa ndege. Watu fulani wa Dar wanaohesabu ndege wa pwani wakamwazima kamera yenye lenzi ndefu kama mchi wa kutwangia kisamvu. Basi kila maji yakijaa, ndege wakikimbia ufuko na kuja kutulia kwenye mabwawa ya chumvi, Masoud huyo, kalala kifudifudi juu ya tuta, anawavuta karibu kwa lenzi yake.

Aliyempenda kuliko wote ni sululu mmoja, ndege wa rangi ya mchanga, mdomo mrefu umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Mguuni alikuwa na pete ya kijani aliyovishwa huko anakozaliana, nchi za baridi. Kila mwaka alirudi, bwawa lile lile. Mimi na Raya, mkewe Masoud, tulimwita mke wa tatu. Raya wa ndoa, mimi wa utani, yule wa majini.

Masoud alianguka sokoni mwisho wa mwezi wa nane. Presha. Raya akaingia eda, akawa ni wa ndani, na nguo zake nyeupe.

Mvua za vuli zilipoanza kunusanusa, Raya akaniita.

"Hodi, mke mwenzangu!"

"Karibu, mwizi wa waume za watu."

Nilimkuta mkekani, kamera mapajani, kaipakata kama mtoto mwenye homa.

"Wenyewe wamepiga simu," alisema. "Jumamosi wanakuja kuichukua."

"Waichukue wasije wakatufunga. Kwani inakupikia?"

"Sihaba."

Raya akiniita kwa jina, najua utani umekwisha. Nikakaa.

"Asubuhi ile kabla hajaanguka, alitoka kuangalia kama sululu wake kafika. Aliporudi nikamuuliza, kaja? Akasema, 'Bado.' Akachukua kikapu akaenda sokoni. Neno la mwisho nililolisikia kwake ndilo hilo. Bado. Kila mwaka alikuwa akiniambia twende ukamwone, na mimi kila mwaka kesho, kesho. Nataka nijue kama kafika. Tena si niambiwe, nimwone. Na bila hili dude, kwa macho matupu, ni punje tu kule kwenye tope. Kwenda siwezi. Nenda wewe."

"Mimi? Mimi nikipiga chafya huku, Zanzibar wanaitikia 'Yarhamukillah'. Ndege gani atanisubiri?"

"Ndiyo maana nakuomba. Ingekuwa rahisi ningemtuma mtu mwingine."

Akanifundisha pale pale uani, kwa kuku wake. Shika lenzi kwa chini, kwa kiganja. Banza viwiko mbavuni. Bonyeza kitufe nusu, isubiri ilie kidogo, ndipo ubonyeze chote. Na pumzi uibane. Nilimpiga picha yule kuku mpaka akaanza kuringa.

"Wee, huyu anataka kuolewa," nikasema. Raya akatabasamu kidogo.

Siku ya kwanza nilikwenda na baibui langu. Nilipokanyaga tuta tu, upepo ukalishika likapiga pa! pa! kama tanga. Bwawa zima likapaa. Nikabonyeza hivyo hivyo, na kilichotoka ni mbingu iliyomwagiwa pilipili manga.

Bi Mina, mama mtu mzima anayekwangua chumvi pale, alikuwa akinitazama, mikono kiunoni.

"Shikamoo, Bi Mina."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kupiga picha au kupiga ngoma?"

"Nimekuja kumtafuta mwenye pete."

Uso ukambadilika. "Yule kafika zamani. Yuko hapa hapa. Lakini hawa hawamsogelei mtu. Walimzoea Masoud peke yake. Shati lake lile lile, kofia yake ile ile, na kile kijimwendo chake. Alikuwa akija, wao wanaendelea kula."

Basi Ijumaa, siku iliyobaki, nikainama chini ya kitanda changu.

Kuigiza na shati la maiti mbele ya wapishi wanaocheka ni kitu kimoja. Kulivaa peke yako asubuhi, ukifunga kifungo kimoja kimoja, ni kitu kingine. Lilikuwa bado halijafuliwa. Nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi, kamera begani, nikaingia kwenye tuta nikichechemea. Mguu wa kushoto unauburuza, bega la kulia linashuka, kisha unatulia kidogo kama mtu aliyesahau kitu. Naujua mwendo ule tangu siku ya kwanza, maana alipoanza kuchechemea mimi ndiye niliyemcheka wa kwanza.

Kijana mmoja wa upande wa pili wa bwawa akainua mkono akaita, "Masou—" Hakumalizia. Akajishika mdomo.

Ndege hawakuruka.

Nikalala kifudifudi. Pale juu ya tuta palikuwa na kibonde cha urefu wa mtu. Majani yalikuwa yameanza kuota ndani yake. Nikaingia humo, nikaweka jicho kwenye kamera. Yale mapunje ya mbali yakawa viumbe, na macho, na manyoya yanayopepea, na tope likidondoka midomoni. Nikawapitia mguu kwa mguu. Huyu hana. Huyu hana. Huyu kasimama kwa mguu mmoja, mwingine kauficha tumboni. Nikamsubiri. Akaushusha.

Kijani.

Nikabana pumzi. Nikabonyeza nusu, ikalia. Nikabonyeza chote. Tena. Tena. Nilikuwa nimekwisha kumpata, ningeweza kuondoka hapo hapo.

Lakini aligeuka. Akaanza kuja. Hakuja kwa haraka. Alichoma tope hapa, akameza, akapiga hatua mbili, akachoma pale, lakini alikuwa akija kwangu, kama jirani anayevuka uwanja kuja kuulizia habari za siku nyingi. Alijaa kwenye lenzi mpaka nikaona kope. Alitoka sijui wapi huko kwenye baridi, akafika, akalikuta tuta tupu. Siku zote hizi anakula peke yake. Na sasa ameliona shati.

Ndipo kikanitoka. Kilio ambacho sikukilia siku ya mazishi, wala matanga, wala arobaini, kwa kuwa mimi ni mtani na watu wote walikuwa wakinitazama mdomo. Nililia kwa sauti yangu hii hii ya kuuzia vitumbua.

Sululu akasimama. Akanitazama kwa jicho moja. Kisha akapaa, akipiga vile vimiluzi vyake vya haraka haraka, na bwawa zima likamfuata. Wakazunguka mara moja juu ya mikoko, wakapotea.

Jioni Raya aliitazama picha muda mrefu. Akaikuza kwa kidole. Mdomo. Pete. Jicho.

"Kafika," alisema.

"Kafika, mke mwenzangu. Zamani."

"Masoud alikuwa akiondoka kinyumenyume, ili wasiruke. Wewe uliondokaje? Aliruka?"

Uongo ulikuwa ulimini, mtamu, tayari. Nikaumeza.

"Nililia. Alikuwa anakuja kwangu, nikalia kwa sauti. Akajua si yeye. Akaruka."

Nilingoja anigombeze. Raya aliiweka kamera mkekani, akaifunika lenzi kifuniko chake, taratibu, akakibana mpaka kikalia.

"Basi keshapata taarifa," alisema.

"Nisamehe."

"La. Ilikuwa apewe. Na afadhali kapewa na mtu wa nyumbani."

Machozi yakaanza kumtiririka, hakuyafuta. Nje kuku wake alikuwa akitafuta pa kulala.

"Kesho usiende," akasema. "Mwache siku mbili tatu. Halafu nenda, bila kamera, na nguo zako mwenyewe. Kaa pale akuone. Na mimi nikitoka eda utanipeleka."

"Atakimbia, Raya. Na baibui hili, na mdomo huu?"

"Atakimbia. Kisha atazoea," alisema Raya. "Kwani ana la kufanya?"