Mvinyo wa Mwaka wa Mguu

Firmin aliosha pango la kuhifadhia mvinyo siku ya Jumatano, na nia yake ilikuwa njema. Mgeni alikuwa anakuja kesho yake, na Firmin, aliyefanya kazi posta mjini Tours, Ufaransa, miaka thelathini na moja, hakuweza kuvumilia kuona mnunuzi akikaribishwa mahali penye kuvu na utando wa buibui. Akachukua ndoo, brashi na kipande cha sabuni. Alisugua kuta, akasugua sakafu, kisha akavigeukia vile vibao vitatu vyeusi vilivyoning'inia juu ya malundo ya chupa, akavisugua navyo mpaka vikang'aa. Alipomaliza alimwita shemeji yake Perrine aje kuona.

Perrine aliteremka ngazi akijifuta mikono kwenye aproni. Akavitazama vibao, akayatazama malundo, halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Katika nyumba hiyo ya akina Vautrin, kama katika nyumba nyingi za bonde lile, chupa hulazwa uchi. Hakuna anayebandika lebo mapema, kwa kuwa unyevu wa pango huila. Mteja akiagiza, ndipo chupa zake hutolewa, zikafutwa na kuvishwa. Mpaka siku hiyo ifike, kinachosema mvinyo ni wa mwaka gani ni chaki tu juu ya kibao. Na marehemu Anselme, mume wa Perrine, hakuwa mtu wa tarakimu. Kibao kimoja alikiandika "Harusi", maana mwaka ule walimwoza binti yao. Cha pili "Mawe", mwaka wa mvua ya mawe. Cha tatu "Mguu", mwaka alioanguka kutoka kwenye trekta akavunjika mguu mara mbili kwa mpigo.

Sasa vyote vitatu vilikuwa vyeusi tii.

"Si uandike tena tu, shemeji," Firmin alisema.

"Niandike nini, wapi?"

Firmin aliyaangalia malundo, kisha akaiangalia brashi yake kana kwamba ndiyo iliyomshauri vibaya.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Anselme alikuwa amefariki mwezi wa Februari. Baada ya mazishi, Perrine aliwaahidi ndugu wa mumewe kwamba asipopata mnunuzi wa maana kabla ya Sikukuu ya Mtakatifu Martini, siku ya Novemba ambayo mashamba hukodishwa na kurudishwa, atamkodisha jirani yao Gaucher mizabibu yote. Gaucher hakuuficha mpango wake. Angeing'oa mizabibu ya zamani iliyopandwa na babu yake Anselme, apande mipya kwa mistari iliyonyooka ili mashine ipite. Alikuwa ameshaanza kurundika nguzo pembeni mwa ua wa Perrine. Sikukuu ilikuwa imebakiza wiki tatu, na mnunuzi aliyepatikana alikuwa mmoja tu.

Mnunuzi huyo, Bwana Delcourt, alikuwa na duka la mvinyo kule Lille. Wenzake walikimbilia majina makubwa. Yeye alizunguka vijijini akitafuta nyumba kongwe za kifamilia zenye mvinyo mzuri ambazo hazijajua kwamba mvinyo wao ni mzuri. Kwa akina Vautrin kilichomvutia kwanza ni bei: yuro sita na nusu kwa chupa, haijaguswa miaka kumi na moja. Alipouliza kwa simu siri ya bei hiyo, Perrine alimweleza ukweli, kwamba imepakwa rangi kwenye bati pale getini, na marehemu alikuwa mvivu wa kupaka rangi.

Alhamisi saa nne asubuhi Delcourt aliingia pangoni na skafu yake shingoni. Alimkuta Mama Léontine, mzazi wa Anselme na Firmin, mwenye miaka tisini na mmoja, ameketi kwenye kiti chenye mikono na blanketi magotini. Bibi huyu alikuwa ameshushwa pale kwa amri yake mwenyewe, akisema mvinyo wa mwanawe hautauzwa yeye akiwa juu anachambua maharage.

Perrine alimweleza mgeni habari ya vibao bila kuficha, ila hakumtaja aliyeviosha. Firmin akakohoa. Delcourt hakucheka. Alisema kwa upole kwamba mvinyo usio na mwaka asingeweza kuuchukua, kwa sababu wateja wake husoma mwaka kabla ya kusoma jina, na yeye haandiki kwenye lebo jambo asilo na hakika nalo. Basi wakakubaliana kufungua chupa moja ya kila lundo na kuamua.

Lundo la katikati halikuwa na ubishi. Lilikuwa dogo kuliko yote, na kila mtu alikumbuka jinsi mawe yalivyoacha zabibu chache. Delcourt alionja, akazungusha mvinyo mdomoni, kisha akautema kwenye ndoo.

"Huyu anatema," Mama Léontine alisema.

Firmin akamnong'oneza mama yake kwamba ndiyo kazi yao, wote hutema.

"Baba yako angemtoa nje."

Yakabaki malundo mawili makubwa, la kushoto na la kulia. Mojawapo lilikuwa Harusi na jingine Mguu. Firmin alichomoa chupa ya kushoto na kuiinua kwenye taa. Perrine aliiona, na uso ukamwaka. Mvinyo ulikuwa umeishia chini kabisa ya shingo, na kizibo kilikaa upande kama kofia ya mlevi.

Aliijua chupa ile kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Mwaka wa mguu Anselme alilala ghorofani amefungwa plasta, na Perrine ndiye aliyevuna, akakamua na kuchachusha, mumewe akimpigia kelele za maagizo kupitia dirishani naye akijifanya hasikii. Majira ya kuchipua yalipofika, mgonjwa akiwa bado kwenye magongo, ni yeye tena aliyejaza chupa elfu moja na mia mbili kwa mpira wa kumiminia uliovuja. Nyingine zilijaa mpaka juu, nyingine zikapungua vidole viwili. Tangu hapo, miaka saba mizima, Anselme hakumuuzia mteja hata chupa moja ya lundo lile. Wakiuliza, alisema bado, bado. Perrine hakumuuliza. Alielewa kwamba mumewe anaona aibu, na aibu hiyo akaimeza, ikamkaa.

Kwa hiyo alimsogezea mgeni glasi bila kutaja alichokijua.

Delcourt alionja mvinyo wa kushoto. Akauzungusha mdomoni kwa muda mrefu. Kisha akaumeza.

"Ona," Mama Léontine alisema. "Kumbe koo analo."

Mgeni aliomba tena kidogo. Firmin naye akaonja, akafumba macho, akainua kidole kama mhubiri. Alitangaza kwamba hakuna haja ya kubishana, hii ni Harusi, mwaka Anselme alipokuwa na afya na furaha. "Mkono wa kaka huu, Bwana Delcourt. Sisi ndugu tunautambua. Ukali kidogo mwanzoni, halafu unatulia. Ndiye yeye kabisa." Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Delcourt alitoa daftari. Akauliza kama aandike mwaka wa harusi. Akasema akiandika hivyo, anachukua lundo zima.

Perrine aliitazama kalamu. Neno moja tu la ndiyo, na mizabibu imepona. Lakini ingepona kwa lebo ya uongo, na mvinyo wake ungeondoka kwenda Lille kwa jina la mwaka mwingine.

"Huo mkono ni wangu," alisema. "Kaka yako mwaka huo alikuwa na plasta mpaka nyongani."

Firmin alifumbua macho. Perrine akamwonyesha Delcourt kizibo kilichopinda, akachomoa chupa nne za kushoto na kuzipanga sakafuni, kila moja na kimo chake. Za kulia zote zilikuwa sawasawa. Alieleza mpira uliovuja. Akamalizia kwa kusema mumewe hakutaka kuziuza, naye anaelewa kwa nini.

"Huelewi kitu, mwanangu," Mama Léontine alisema.

Wote wakageuka.

"Alikuwa anaogopa wateja. Wakiuonja huu, mwaka wa pili wangeutaka tena, na yeye hakujua ulifanyaje. Alijaribu miaka mitatu akashindwa. Akanikataza nisikwambie, alisema utavimba kichwa."

Perrine alicheka kwanza, akiwa ameziba mdomo kwa aproni, na alipoiondoa aproni ilikuwa imelowa.

Delcourt alisubiri kwa adabu, kisha akauliza kilichokuwa kinamwasha: aliufanyaje? Perrine akafikiri. Hakufanya lolote la ajabu. Alichelewa tu. Gaucher alikuwa amewachukua wavunaji wote kwake, akawashikilia siku tisa, na zabibu za Vautrin zikakaa juani zikimsubiri amalize.

Mgeni aliandika mwaka wa mguu, chupa elfu moja na mia moja tisini na tatu, kwa bei aliyoitaja Perrine, yuro saba na nusu kila moja. Firmin alitaka kumkumbusha shemeji yake kwamba bati linasema sita na nusu. Mama yake akamkanyaga.

Siku ya Mtakatifu Martini Gaucher alikuja na mkataba ndani ya bahasha. Perrine alimkaribisha jikoni, akamkatia bata bukini wa kuchoma, akamwambia shamba halikodishwi, na kwamba zile nguzo anaweza kuzihamisha taratibu.

Gaucher alitafuna kwa huzuni. Akasema basi, walau wabaki majirani wema. Kama kuna msaada wowote, aseme.

"Upo mmoja," Perrine alisema. "Mwakani ukianza kuvuna, wachukue wavunaji wote. Usinibakizie hata mtu mmoja."