Wachomaji Wawili Mbele ya Kamera

Kagwe alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Duka lake la pembejeo mjini Kitale lilifunguliwa kwa wakati uleule kila asubuhi, magunia ya mbegu yakisimama kwa mstari kama wanafunzi gwarideni, na mteja aliyekuja kupiga domo alionyeshwa benchi la nje kwa adabu. Wafanyakazi wake walimheshimu. Jirani zake walimheshimu pia, tena kwa mbali. Kitu kimoja tu ndicho kilichomlegeza mabega, nacho ni kuchoma nyama pamoja na Eliakim.

Walijuana tangu shule ya bweni. Eliakim, mtoto wa Kabuchai kule Bungoma, alilala kitanda cha chini, Kagwe cha juu. Kagwe akawa kiranja, na jina hilo la Kiranja likamganda. Eliakim aliitwa Sufuria, kwa kuwa hakukubali sufuria ya jikoni ioshwe kabla yeye hajaikwangua. Shule ilikwisha, mmoja akaingia kwenye biashara na mwingine kwenye ofisi ya serikali, lakini kila mwezi, Jumamosi ya mwisho, walikutana ama kwa Kagwe au kwa Eliakim, wakawasha makaa na kubishana hadi nyama iive.

Wazo la kurekodi vipindi lilikuwa la Kagwe. Mwaka 2005 alihudhuria harusi iliyorekodiwa na Kiplangat, mwenye studio ya picha karibu na soko la Kitale, akaona jinsi mambo ya siku moja yanavyoweza kutunzwa. Akapanga vipindi sita: mbuzi, mbavu za ng'ombe, kuku wa kienyeji, mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama, kachumbari na ugali wake, na mwisho makosa ya wachomaji. Haikuwa biashara. Ilikuwa starehe ya wazee wawili, na santuri za video zingegawiwa kwa wenzao waliosoma nao.

Siku ya majaribio walisimama nyuma ya nyumba ya Kagwe, kamera ya Kiplangat ikiwaelekea.

"Ndugu watazamaji," Kagwe alianza, amesimama wima kana kwamba anasoma zamu za usafi, "mbuzi huchomwa kwa chumvi peke yake. Chumvi na subira."

"Msimsikize huyu!" Eliakim alichomoza nyuma yake na koleo mkononi. "Kiranja hachomi mbuzi, anamwadhibu. Mbuzi amekosa nini, bana? Alichelewa gwaride?"

"Sufuria, rudi nyuma. Hujaitwa."

"Nimeitwa na harufu. Ati subira! Huo mguu uko kwa moto tangu tukiwa kidato cha pili."

"Afadhali wangu unachelewa. Wako huliwa ukiwa bado unalia."

"Unalia kwa sababu umekuona wewe!"

Kiplangat alicheka hata picha ikaanza kuruka. Alizima kamera, akajifuta macho. "Wazee wangu, niseme ukweli? Nyama Kitale hii imejaa. Hakuna mtu atakaa chini aangalie nyama. Watu wataangalia nyinyi wawili mkitusiana."

Kagwe alikunja uso kama mtu aliyevunjiwa heshima, lakini moyoni aliyapokea maneno hayo kama tuzo. Alijua vizuri kwamba duniani kote hakuna mtu mwingine aliyethubutu kumwita mwadhibu wa mbuzi. Mkewe Nyaruai alimtania kwa tahadhari, watoto wake hawakumtania kabisa. Bila Eliakim angekuwa mtu wa kuamkiwa tu.

Jambo ambalo baba hawa wawili hawakuliona, kwa kuwa macho yao yalikuwa kwenye makaa, ni kwamba katika Jumamosi hizo za nyama kulikuwa na watu wengine wawili waliokuwa wakipokezana sahani. Wamboi, binti wa Kagwe, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Naitiri. Kevin, mwana wa Eliakim, alinunua mahindi kwa wakulima wa Tongaren. Likizo ya Agosti ilipofika, walikwenda kila mmoja kwa wazazi wake, wakasema wanataka kuoana.

Eliakim alipiga simu siku iyo hiyo.

"Kiranja, umesikia mambo?"

"Nimesikia."

"Kijana wangu amepata mke na mimi nimefurahi. Sasa nisikilize. Tuwapeleke kanisani, mchungaji awaombee, tule pilau, tumalize. Hayo mambo ya wazee kukaa kikao tuyaache."

"Kwa nini?"

"Si unajua kwetu! Mkwe si mtu wa kuchezea. Na kwenu ni vivyo hivyo, usinidanganye. Mimi na wewe tukiingia ukwe rasmi tumekwisha. Nitakuwa nakusalimia kama nimekutana na askofu."

"Eliakim, binti yangu hataolewa nusu nusu. Desturi zitafuatwa, zenu na zetu, mpaka ya mwisho."

"Nakuomba kama rafiki."

"Kama rafiki utanielewa."

Eliakim akasema sawa. Kagwe alirudisha simu mfukoni akiwa ameridhika. Aliamini kwamba watu wawili wenye akili wanaweza kuipa desturi siku yake, na kesho yake wakarudi kwenye makaa yao kama kawaida. Hata alituma ujumbe Kabuchai, kupitia kwa Kevin, kwamba masharti ya ukwe yatamkwe hadharani yote, lisirukwe hata moja, ili pasije pakatokea mtu wa kusema binti wa Kagwe alitolewa kwa mkato.

Ruracio, sherehe ya kutoa mahari, ilifanyika Novemba nyumbani kwa Kagwe. Wageni kutoka Bungoma walifika na mbuzi wao na nyimbo zao, wakazuiwa langoni na wanawake wakiongozwa na Nyaruai, wakaimba hadi lango likafunguliwa. Msemaji wao alikuwa Nakhungu, shangazi aliyemlea Eliakim baada ya mamake kufariki, mwanamke mrefu ambaye umri ulikuwa umemkausha bila kumpinda. Mazungumzo yalipokwisha kwa furaha, alisimama.

"Mzee Kagwe, ulituambia hutaki mkato. Sawa. Hatukati. Kuanzia leo wewe na huyu mwanangu ni wakwe. Majina ya utoto yamekufa. Hakuna kutaniana, hakuna kutusiana, hakuna kula sahani moja. Ukiwa kwake, utakaa juu naye akuhudumie. Akiwa kwako, hivyo hivyo. Atakayevunja, hatajivunjia mwenyewe. Itaangukia tumbo la msichana huyu. Mtoto akiugua, hatutauliza daktari tu, tutauliza pia nani alimcheka nani. Mnakubali mbele ya watu?"

"Nakubali," Kagwe akasema kwa sauti, upesi, kama mtu anayejibu jina lake likiitwa.

Watu wakamgeukia Eliakim. Alimtazama Kagwe muda mrefu kidogo kuliko ilivyofaa.

"Nakubali," akasema, "mkwe."

Harusi ya kanisani ilifungwa Desemba. Jumamosi za mwisho wa mwezi zilipita. Kila mara mmoja wao alipata shughuli. Kufikia Pasaka, Wamboi alikuwa mjamzito, na Kagwe akaamua kwamba wamengoja vya kutosha. Alimchukua Kiplangat na kamera yake, akanunua mbuzi, wakaenda Kabuchai kurekodi kipindi cha kwanza. Njiani alikuwa akinong'ona peke yake. Alikuwa ametunga tusi moja zuri juu ya namna Eliakim anavyogeuza nyama, na kwa mara ya kwanza maishani alinuia kuwa wa kwanza kuchokoza.

Walimkuta Eliakim uani, mbele ya miwa yake, amevaa suti na tai kando ya jiko la makaa. Kiti cha mapumziko kilikuwa kimewekwa kivulini, kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma.

"Karibu, mkwe wangu. Pumzika."

"Sikuja kupumzika. Nimekuja kuchoma."

"Kama utakavyo, mkwe."

Wamboi alitoka jikoni kumsalimu babake. Nakhungu alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Kagwe akavua koti, akaupaka mguu wa mbuzi chumvi, akauweka juu ya wavu, na Kiplangat akawasha kamera.

"Ndugu watazamaji, mbuzi huchomwa kwa chumvi peke yake. Chumvi na subira."

Akanyamaza kupisha jibu. Makaa yalitoa mlio. Kuku alipita.

"Mkwe wangu amesema kweli," Eliakim akasema.

Kiplangat alizima. "Mzee Eliakim, si umchokoze kidogo? Kama ile siku."

"Nimchokoze mkwe wangu? Kijana, wewe una wazazi?"

Wakaanza upya. Kagwe alizungumzia makaa, umbali wa wavu na moto, jinsi ya kujua mbuzi mzee kwa rangi ya mafuta yake. Kila alipotulia, Eliakim aliinamisha kichwa na kusema ni kweli. Ilikuwa kama kuzungumza na ukuta uliopakwa chokaa vizuri. Mwishowe Kagwe akaona la kupoteza halipo, akageuka, tusi lake likiwa tayari ulimini.

"Sufuria—"

"Baba," Wamboi akasema.

Alikuwa amesimama katika mlango wa jiko, mkono tumboni. Nakhungu aliacha mboga zake, akainua uso. Eliakim alikuwa akitazama viatu vyake, na Kagwe aliona mshipa ukicheza shavuni mwake. Kamera iliendelea kurekodi.

"Sufuria ya supu iko wapi?" Kagwe akamalizia.

"Iko jikoni, mkwe. Italetwa."

Kagwe akalirudia somo la makaa kwa mara ya tatu, akili yake ikiwa mbali, mgongo wake ukiwa kwa jiko. Eliakim aliyaona mafuta yakidondoka na miali ikipanda. Alisogea hatua moja, akasimama. Kumrekebisha mkwe mbele ya watu, katika ua wake mwenyewe?

"Mkwe," akasema kwa upole mno, "labda moto... Lakini wewe ndiwe unayejua."

Kagwe alipogeuka, mguu wa mbuzi ulikuwa mweusi upande mzima. Aliutazama. Halafu, bila kukusudia, alimtazama Eliakim na kungoja. Hapo ndipo palipokuwa mahali penyewe pa kutaniwa. Kosa kama lile zamani lingemlisha Eliakim mwaka mzima. Angelitangaza kutoka Bungoma mpaka Kitale, angempigia simu usiku kumkumbusha. Eliakim alitoa kitambaa mfukoni, akajipangusa paji la uso, akakirudisha.

Kagwe akamwacha Kiplangat na kamera yake, akaenda hadi mlangoni alipokuwa Nakhungu. Akachuchumaa, jambo ambalo hakuna mtu wa Kitale aliyewahi kumwona akilifanya.

"Shangazi, hili neno haliwezi kulegezwa kidogo? Kwa kazi hii tu. Ni mchezo."

"Mchezo." Nakhungu alivunja jani la mboga. "Tumbo la mtoto wako ni mchezo?"

"Sikusema hivyo."

"Unaamini tuliyosema siku ile, au ulitaka tu yasemwe?"

Kama Kagwe angejibu kwamba haamini, basi alikuwa amesimama mbele ya watu na kuapa uongo. Kama angejibu kwamba anaamini, hakuna zaidi la kuomba. Tena hakujua. Alimtazama binti yake akibeba maji, na hofu ndogo isiyo na elimu wala shule ikamkaa kifuani.

"Njia ipo," Nakhungu akasema. "Watoto wakiachana, ukwe umekwisha, mtakuwa wanaume wawili tu tena. Nimwambie Wamboi afungashe?"

"La, shangazi."

"Basi." Alichambua kidogo, kisha akasema bila ukali, "Mwanangu alinijia kabla hatujaja Kitale. Aliniomba niyaruke yale maneno. Alipiga magoti, mtu mzima yule. Ningeyaruka. Lakini kulikuwa na ujumbe wako."

Kagwe alibaki pale chini mpaka magoti yakamuuma.

Aliporudi, Kiplangat alikuwa akikunja nyaya. "Mzee, kanda bado ninayo. Tungoje kidogo?"

"Tungoje nini?" Kagwe akauliza, na Kiplangat akaendelea kukunja.

Chakula kiliandaliwa sebuleni. Meza ilikuwa kubwa, imetandikwa, na juu yake sahani moja. Kagwe aliketishwa upande wa juu, peke yake, kama ilivyompasa mgeni wa heshima. Kutoka uani zilisikika sauti za Kevin na Kiplangat wakila na kupiga soga. Eliakim aliingia na birika na beseni, akammiminia maji mikononi, taratibu, asimwagie mkono wa shati. Akatoka, akarudi na ule mguu juu ya sinia, ameukata vipande kwa ustadi. Vile vyeusi alikuwa amevipanga mbele, kwani mchomaji hupewa kwanza kazi ya mikono yake.

"Keti basi," Kagwe akamwambia.

"Asante, mkwe. Mimi niko sawa."

Kagwe alitia kipande mdomoni. Kilikuwa kikavu, kichungu kama mkaa, na chumvi ilikuwa imezidi. Alikitafuna akimtazama Eliakim, akiutafuta ule upande wa kushoto wa midomo ambao tangu bwenini ulikuwa ukitikisika kabla ya kicheko. Haukutikisika.

"Imeiva vizuri, mkwe wangu," Eliakim akasema.

Kagwe alikimeza. Maneno mengi yalimjia, yote ya zamani, na hakuna hata moja alilokuwa na ruhusa nalo.

"Asante, mkwe," akasema. "Umenikaribisha vizuri."

Eliakim aliinama kidogo, akachukua beseni na taulo, akatoka kinyumenyume. Akaurudisha mlango polepole usije ukagonga, ili mgeni ale kwa utulivu.