Jibu la Bapa Vijay Croydon

Kokila alitoka zamu ya kusafisha ndege alfajiri, akaoga, akamvisha baba yake koti, wakapanda treni hadi Croydon, kusini mwa London. Sasa walikuwa kwenye foleni ya uhamiaji, naye hajapata hata lepe la usingizi.

"Bapa, n'nakuomba," alisema. "Akikuuliza kama ushawahi kuishi nchi hii, mwambie hujawahi. Tusijitafutie balaa."

Alitumia Kiswahili cha Unguja, maana watu wa Bombay waliokuwa nyuma yao wangeelewa Kigujarati.

Mzee Vijay, mwenye miaka themanini na ushee, alifunga kifungo cha koti. Ujanani, kabla ya vita vya kwanza vya dunia, alikuja London kusomea sheria. Badala ya vitabu akashika majukwaa: Wahindi wajitawale, nguo za viwanda vya Manchester zisusiwe. Makachero wakamganda kama ruba. Chuo kikamfukuza. Akaishia Unguja, akisomesha watoto hesabu mpaka mapinduzi yalipomtoa yeye na binti yake. Siku hizi wawili hao waliishi chumba kimoja juu ya duka, mtaa wa Rayners Lane, London, na ruhusa yao ya kukaa ilikuwa inakwisha.

Afisa alikuwa kijana mwenye mafua.

"Umewahi kuishi Uingereza?"

Kokila akamgusa baba yake kwa kiwiko.

"Nimewahi," mzee alisema kwa Kiingereza kilichonyooka. "Polisi wenu walinifuata mwaka mzima. Nilitaka serikali yenu itoke India."

Kokila aliona tayari wanafukuzwa, asijue safari hii ni kwenda wapi.

Afisa akapenga kamasi. "Kwa hiyo ulikuwa mwanafunzi?"

"Nilikuwa adui yenu."

"Naandika mwanafunzi." Akagonga muhuri, akaita anayefuata.

Nje, Kokila alitaka kucheka, maana ruhusa walikuwa wameipata. Alipomtazama baba yake kicheko kikamkwama. Mzee alikuwa ameketi kwenye ukuta mfupi, mikono imelegea mapajani.

"Rafiki zangu wawili walifia jela za watu hawa," alisema. "Huyu hana hata chuki na mimi."

"Ana mafua, Bapa. Kachoka, kama sisi."

"Na mimi chuki yangu n'naitafuta, siioni."

Kokila alimshika mkono wakaenda stesheni polepole. Ndani ya treni mama mmoja wa Kizungu alimpisha mzee kiti. Mzee akashukuru, akakaa, na kabla ya kituo cha pili usingizi ukamchukua. Kokila alibaki amesimama, kashika chuma, akiiwazia zamu ya jioni.