Gogo la Orly

Siku mbili nzima kwenye msitu wa mikaratusi, juu ya kilima kinachotazama kambi ya waliokimbia vita, wanafunzi wa Prof Josaphat hawakugombana hata mara moja, na shuleni kwao hilo halijawahi kuonekana. Kazi ilikuwa kutengeneza sanamu au chombo cha muziki bila msumari wala rangi ya dukani. Léonie alifinyanga ng'ombe kwa udongo wa kichuguu. Orly, mtoto wa mjini mwenye maneno mengi kuliko kazi, alichimba gogo liwe ngoma.

Asubuhi ya tatu gogo likakubali kulia. Orly akapagawa kwa furaha, akalipiga mbio mbio bila kupumzika.

Léonie akaruka, ng'ombe akamdondoka. "Orly, acha! Ile ni ya kukimbia! Kwetu Djugu wanapigaka vile adui akifika!"

"Miye nilijua wapi? Nilikuwa nacheza tu!"

Maji yalikuwa yameshamwagika. Kule kambini watu, wengi wao wa Djugu, walimiminika barabarani, magodoro vichwani. Mama yake Léonie alikuwa humo, ametoka hospitali wiki iliyopita tu, tumbo limeshonwa, ameambiwa asibebe hata ndoo.

Léonie akatimua mbio. Njia ya kushuka ilikuwa moja, na askari wanaolinda kambi walikuwa wanaipanda, bunduki mbele. Wao pia walisikia ngoma, wakadhani adui yuko kilimani.

"Bote mulale chini! Hakuna mutu wa kutoka hapa!"

"Chef, mama yangu iko kule, walimupasua! Acha nimufwate, nitarudia!"

"Lala!"

Akalala, shavu kwenye majani makavu, akiwatazama watu wakizidi kuwa wadogo barabarani. Alimchukia askari, akamchukia Orly, akauchukia msitu wenyewe. Prof Josaphat alibembeleza mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe mkubwa wa askari akatazama vile visanamu, akalegea kidogo.

"Basi mupige ile ya kurudisha watu. Lakini hakuna kutoka."

Prof akampa Léonie fimbo. "Weye ndiye unajua, mutoto yangu. Piga."

Léonie akapiga magoti mbele ya gogo. Ya harusi aliijua, ya msiba aliijua. Mikono ikabaki hewani.

"Prof, ya kurudi siijue. Kwetu hakuna mutu alirudiaka."

Akapiga ya harusi, kwa nguvu zake zote, huku analia. Kule barabarani hakuna aliyegeuka.