Kamba Ndani ya Mpira

Tairi la lori lilirusha jiwe karibu na Nyakanazi, na kioo cha mbele cha Hilux ya Speciosa kikajaa nyufa kote. Aliliendesha gari mpaka nyumbani Runazi kichwa kikiwa nje ya dirisha, akisali Salamu Maria njia nzima. Hilux hiyo aliachiwa na marehemu mumewe. Kwa kubeba maharage ya majirani, ndiyo iliyowalisha wanawe.

Danstan, mdogo wa marehemu, hakumpa hata pole.

"Gari si jembe, shemeji; hili huliwezi. Jumapili ukoo unakaa hapa kwa mama. Likiwa bado halitembei, naliuza. Mnunuzi ninaye."

"Litatembea."

"Kwa fundi gani?"

Maana ya swali hilo aliijua kesho yake. Fundi Rogasian wa Nyakanazi alimtolea kioo kizima na mpira wake kwenye Hilux nyingine mbovu, kisha akainamisha macho.

"Dada, kichukue. Kukifunga siwezi. Danstan ameshatupigia simu mafundi wote, na kazi zangu nyingi zatoka kwake."

"Basi wewe funga mdomo. Kioo nitafunga mwenyewe."

"Utakipasua!"

"Nikikipasua nitarudi unicheke vizuri."

Alikizungushia vitenge, akapanda nyuma ya pikapu ya watu, akakikumbatia hadi Runazi.

Jumapili, walipotoka misani, wazee wa ukoo walimkuta amekwisha kung'oa kioo kibovu. Danstan alikuja na mnunuzi wake.

"Na leo ni siku ya Bwana," akamchokoza.

"Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato hutolewa. Wangu huyu hapa."

Kazi hiyo aliwahi kuifanya na mumewe. Kioo huvishwa mpira, kamba hulazwa ndani ya mfereji wa mpira, ncha zake zikabaki ndani ya gari kioo kinapowekwa mahali pake. Mmoja huvuta kamba ndani ili mdomo wa mpira upande juu ya bati, mwingine hukandamiza kioo nje. Sasa mwingine hakuwepo. Wanaume wa ukoo walitazama viatu vyao.

Mama mkwe, Agripina, akainuka mkekani.

"Shikamoo mama," Speciosa akasema. "Usijichoshe."

"Marahaba. Nimezaa wanaume wawili, mmoja yuko kaburini. Kioo cha gari lake nitakisukuma mimi. Niambie pa kushika."

Speciosa akafanya ishara ya msalaba, akaingia garini, akavuta. Kamba ikagoma. Akavuta tena, kioo kikalia.

"Kinapasuka hicho!" Danstan akapiga makofi. "Mwacheni, mtaona."

Speciosa akaiachia kamba. Bwana, nimesahau nini? Akaikumbuka ndoo iliyokuwa karibu na mguu wa mumewe siku ile.

"Sabuni, mama! Tumekifunga kikavu!"

Agripina akaupaka mpira povu zito kama anayefua mashuka, akaweka viganja, akaegemea kwa uzito wake wote. Safari hii kamba ilitoka taratibu, na mpira ukajikunja juu ya bati, kona kwa kona, mpaka ncha ya mwisho ikamwangukia Speciosa mapajani.

"Kitadondoka kwenye tuta la kwanza," Danstan akasema, lakini kwa sauti ndogo.

Speciosa akawasha gari. Akazunguka uwanja wote, akapita juu ya mizizi na mashimo, kioo kimetulia na povu linatiririka. Akasimama mbele ya shemeji yake.

"Mnunuzi wako apande. Nampeleka Nyakanazi akapate basi la kwao."