Kisanduku cha Maelezo

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, karani wa kozi za mtandaoni aliweka mkoba chini, akapangusa meza kwa kiganja, akaiwasha programu ambayo ofisi nzima iliiita Mchongezi. Kazi ya Mchongezi ilikuwa kupekua masomo ya chuo na kutoa muhtasari wa kila kinachomkwamisha mwanafunzi asiyeona au asiyesikia: video isiyo na maandishi, jedwali lililovurugika, picha isiyo na maelezo ya kusomwa kwa sauti. Wahadhiri hawakumpenda, na tuseme ukweli, nani anampenda mtu wa kumtaja kila wiki?

Siku hiyo alitaja somo moja tu, la viungo vya mwili. Picha mia mbili na kumi na nne, zote hazina maelezo. Karani alipoinua macho, picha zenyewe zilikuwa zimeshafika. Zilipanga foleni kuanzia mezani kwake hadi kwenye ngazi. Goti lilitangulia. Bega lilikuwa nyuma yake, likiliambia fuvu liache kusukuma.

"Mna shida gani?" karani aliuliza.

"Hatujui sisi ni nini," goti likajibu. "Kisanduku chetu cha maelezo ni kitupu."

"Subirini mwenye somo. Mimi siruhusiwi kuandika humo."

Mfagizi alipita na ufagio wake, akaziomba zinyanyue miguu. Zenye miguu zikanyanyua.

Karani alikuwa na lake moyoni. Mdogo wake, ambaye haoni tangu utotoni, alikuwa akilirudia somo hilo, na mtihani ulikuwa Alhamisi. Akifeli tena, chuo basi. Kila jioni kompyuta ilimsomea kwa sauti, na ikifika kwenye picha ilinyamaza. "Dada, hapa pana shimo tena," alikuwa akisema, kisha anasubiri.

Mhadhiri mwenye somo alifika saa nne. Alizisalimu picha, akavua koti.

"Haya, huyu Mchongezi wenu anataka nini hasa?"

"Anataka kisanduku kisiwe kitupu, mwalimu," karani akasema. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye mwongozo, naye alikuwa ameukariri.

"Kumbe ni hilo tu!"

Aliketi, akaandika neno *picha*, akalinakili mara mia mbili na kumi na nne. Kila picha ilipopata neno lake iliaga na kuondoka. Goti lililitamka taratibu, "Picha," likashukuru, likashuka ngazi. Mchongezi akatoa muhtasari mpya: *Hakuna tatizo*. Mkuu wa kitengo akauchapa na kuubandika ubaoni.

"Lakini mzee, goti halijaelezwa," karani alimwambia mkuu.

"Muhtasari unasemaje?"

"Hakuna tatizo."

"Basi usitutafutie."

Jioni hiyo kompyuta ilimsomea mdogo wake: picha, picha, picha. Alisikiliza mpaka mwisho wa sura, akazima.

"Dada, afadhali lilipokuwa shimo. Nilikuwa najua kuna kitu kinakosekana."

Karani alitamani ardhi ipasuke immeze. Jumanne na Jumatano alikaa naye, akimweleza picha moja moja kwa maneno yake, lakini yeye ni karani. "Hapa kuna kama kamba nyeupe," alisema. "Kamba gani?" mdogo wake akauliza. Hakujua ni kamba gani, na picha zilikuwa nyingi.

Alhamisi alipangiwa kusaidia kusimamia mtihani. Swali la kumi na nne lilisema: *Tazama picha. Taja sehemu yenye herufi C.* Mdogo wake alilisikiliza mara tatu kwenye vipokea sauti. Mlango ukagongwa. Goti liliingia, likaomba radhi kwa kuchelewa, likavuta kiti likaketi kando yake. Mdogo wake akanyoosha mkono akalipapasa juu mpaka chini. Lilikuwa laini, bapa, la karatasi.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

"Picha," goti likajibu kwa furaha, maana sasa lilijua.

Msimamizi mkuu akawataka wanyamaze.

Jumatatu saa mbili na nusu karani aliweka mkoba chini, akapangusa meza. Alilifuta jina la mdogo wake kwenye orodha ya wanafunzi, kama alivyoagizwa, kisha akamwasha Mchongezi. Hakuna tatizo.