Kukung'uta Msiba

Kifaranga kilikuwa kikidonoa mchele juu ya kioo cha jeneza, sawasawa na kifua cha marehemu. Kwa desturi ya kwao aliyeuawa huwekewa kifaranga, ili kila kinapodonoa, muuaji achomwe moyoni. Mhandisi Severino alipigwa risasi getini kwake, wiki ileile aliyokataa kutia saini kwamba daraja jipya la meya lilikuwa imara. Kwa hiyo hapakuwa na aliyeuliza kifaranga cha nini.

Dulo hakukitazama. Macho yake yalikuwa kwa mjane, Mama Consuelo, aliyekuwa amemvuta Perlita karibu na mlango wa jiko na kumnong'oneza huku amemshika mkono. Yeye Dulo alipofika na kutoa pole aliambiwa, "Karibu kahawa, kaka," akapewa kikombe na biskuti, basi.

Roho ilimuuma, tusifiche. Teodulo Abrenica alikuwa amezeekea redioni. Asubuhi baada ya asubuhi alimsakama meya hewani, akatishiwa, akafukuzwa kituo kimoja, akaanza upya kingine. Yeye ndiye aliyempokea Perlita akiwa msichana asiyejua hata kushika maikrofoni bila kuipulizia. Leo watu wenye mambo mazito walimtafuta Perlita wa kituo pinzani, si yeye. Tuzo ya waandishi wa mkoa aliichukua Perlita, na jukwaani akamshukuru "kaka yangu Dulo", ukumbi mzima ukampigia Dulo makofi ya kumhurumia. Makofi hayo yalikuwa yakimwasha hadi leo.

Akasogea kama anayetafuta sukari. Alisikia kidogo tu, lakini kilitosha.

"Pitia kwa Sion ukitoka," mjane alikuwa akisema. "Isko atakuwa pale. Ndiye alifunga nondo za lile daraja. Na aliyempiga mume wangu risasi, anamjua kwa sura."

Mama yule alikuwa na akili. Anayetoka matangani haendi nyumbani moja kwa moja. Lazima apite mahali kwanza, amkung'ute marehemu asimfuate hadi mlangoni. Nani angeshangaa kumwona Perlita akinywa uji wa mchele mgahawani kwa Mama Sion, na mfunga nondo kwenye meza hiyohiyo?

Perlita aliaga. Dulo akaenda kwenye meza ambako waliokesha msibani walikuwa wakicheza karata. Aliyekuwa akigawa karata ni Rufo, dereva wa meya, mtu wa kucheka na kila mtu. Ndiye aliyeleta shada la maua kubwa kuliko yote, lenye jina la bosi wake kwenye utepe.

"Mwanafunzi wako kakupita, mzee," Rufo alisema. "Siku hizi tunamsikiliza yeye. Wewe unatusaidia kupata usingizi."

Wachezaji wakacheka.

"Hajanipita. Anatafuniwa, yeye anameza tu."

"Acha kijicho. Binti anachapa kazi."

"Kazi gani? Kupita kwa Sion kukung'uta msiba na kumkuta shahidi ameshakaa anamngoja? Hata wewe Rufo ungepewa tuzo."

Alisema vile ili aonekane kwamba naye anajua mambo. Rufo hakucheka. Alizilaza karata zake mezani, karata nzuri za kushinda, akainuka huku akitoa simu mfukoni. "Nakuja," akasema, na hakurudi.

Ndipo Dulo alipoelewa amesema nini, na amemwambia nani. Akampigia Perlita, simu iliita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena. Hata yeye angeikata. Mwaka mzima alikuwa akimpigia kumwambia tu kwamba habari zake zina makosa.

Aliendesha pikipiki yake kama mwehu, akaiacha kwenye uchochoro nyuma ya mgahawa na kuingia kupitia jikoni, katikati ya mvuke wa tangawizi. Perlita alikuwa ameketi na mwanamume mwembamba mwenye mikono iliyochubuliwa na chuma.

"Perlita, ondokeni. Sasa hivi."

Perlita alishusha kijiko taratibu. "Kaka Dulo, hata huku umenifuata? Habari hii huipati."

"Siitaki. Wanakuja."

"Nani kawaambia tuko hapa?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, laini kabisa: kwamba alisikia watu wakisema tu. Lakini Perlita angeuliza watu gani, na wakati wanabishana wale wangefika.

"Mimi. Nimemwambia Rufo."

"Kwa nini?"

"Kijicho," alisema. "Mama Consuelo alikushika mkono."

Perlita hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alinyoosha kiganja, akasema, "Funguo," na Dulo akampa. Akamwinua Isko, wakapita jikoni, na muda si mrefu pikipiki ya Dulo ikanguruma uchochoroni.

Naye angeweza kukimbia. Lakini wale wakikuta meza tupu wangeingia uchochoro uleule, na Perlita hakuwa amefika mbali. Dulo akaketi kwenye kiti cha Perlita, mbele ya bakuli la Perlita, akapiga simu kituoni kwake na kumwambia fundi mitambo akate muziki amweke hewani. Ng'ambo ya barabara, pikipiki isiyo na namba ilikuwa ikipunguza mwendo.

"Wasikilizaji, ni Dulo. Niko kwa Mama Sion, nakunywa uji." Sauti yake ikatoka pia kwenye redio ya Mama Sion iliyokuwa juu ya rafu, ikichelewa kidogo nyuma yake. "Mbele yangu kuna pikipiki haina namba. Watu wawili. Wa nyuma kavaa jaketi jeusi kwenye jua hili. Mlio karibu, chungulieni dirishani mumwone."

Dirisha moja likafunguka, kisha jingine. Habari nzima ilikuwa ulimini mwake, nondo, saini, mfunga nondo aliyemwona muuaji, na mji mzima ulikuwa ukimsikiliza kama zamani. Maneno machache tu na ingekuwa yake milele. Wivu haukuwa umekwenda popote. Ulikuwa umeketi naye palepale.

"Wamefuata nini hapa," alisema, "mtaambiwa na Perlita Dimayuga jioni, kwenye kituo chake. Mimi sisemi. Habari ni yake, aliitafuta yeye."

Mwenye jaketi alishuka, akaanza kuvuka barabara. Mama Sion akafuta mikono kwenye kanga yake ya jikoni, akaifikia rafu, akaongeza sauti ya redio mpaka mwisho, barabara nzima isikie.